Kislovenia na Kiswidi kwa msomaji wa Kiswahili: shajara ya mradi wa mwongozo

Januari: mipaka ya kazi

Mwongozo tunaouandaa ni wa mtu anayekijua Kiswahili vizuri na yuko njia panda: ajifunze Kislovenia au Kiswidi? Huenda amepata nafasi ya chuo Ljubljana na nyingine Uppsala, huenda ana jamaa Malmö, huenda anapenda lugha tu. Mwongozo hauchukui nafasi ya darasa. Kazi yake ni kumwonyesha, kabla hajalipa ada, ni wapi kila lugha itamla muda na ni wapi atapita bila taabu kwa sababu Kiswahili kimeshamtangulizia kazi.

Makadirio yanayotajwa kila mahali ni ya taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake: Kiswidi wiki 24 hivi za darasa, Kislovenia wiki 44. Tumeyaweka ukurasa wa kwanza pamoja na onyo. Yalipimwa kwa watu waliokua wakisema Kiingereza, na Kiingereza na Kiswidi ni lugha za ukoo mmoja; hata maneno ya mwilini kama *arm*, *hand* na *finger* yanaandikwa sawasawa. Mswahili anayekimudu Kiingereza ataonja sehemu ya faida hiyo. Aliyesoma kwa Kifaransa, Bukavu au Bujumbura, ataonja kidogo. Upande wa pili, wanafunzi wale wa Marekani hawakuwa na kitu ambacho kila mtoto wa Kiswahili anacho: mazoea ya kuona nomino moja ikivuta sentensi nzima. Kwa hiyo msimamo wa mwongozo ni huu: kwa msemaji wa Kiswahili, pengo kati ya lugha hizi mbili ni dogo kuliko tofauti ya 24 na 44 inavyoonyesha, na ugumu wa kila moja hauko pale watu wanapousubiri.

Taarifa za msingi zimekamilika. Kiswidi kina wasemaji wa kuzaliwa milioni 10 hivi, wengi wao Uswidi, na ni lugha rasmi Ufini sambamba na Kifini. Kislovenia kina wasemaji milioni mbili na ushee: Slovenia yenyewe, na jamii za wenyeji katika nchi jirani, yaani eneo la Trieste na Gorizia nchini Italia, Carinthia nchini Austria, na ukingo wa magharibi wa Hungaria. Zote mbili ni lugha rasmi za Umoja wa Ulaya, Kiswidi tangu 1995 na Kislovenia tangu 2004. Anayesoma Kiswidi atajikuta anasoma gazeti la Kinorwe bila shida kubwa, na la Kidenmaki kwa subira. Anayesoma Kislovenia ataelewa sehemu ya Kikroatia na Kiserbia, lakini asidhani ni lugha moja.

Februari: sentensi ya kupimia

Kulinganisha sarufi sura kwa sura kunachosha na hakumsaidii anayetaka kuamua. Tumechagua sentensi chache fupi na kuzipasua. Ya kwanza:

Watoto wawili hawana kitabu kikubwa.
Kislovenia: *Dva otroka nimata velike knjige.*
Kiswidi: *Två barn har ingen stor bok.*

Kwenye Kiswahili, *wa-* ya watoto inajirudia kwenye *wawili* na *hawana*, na *ki-* ya kitabu inajirudia kwenye *kikubwa*. Kislovenia kinafanya kazi hiyohiyo, ila mwishoni mwa maneno. Mtoto mmoja ni *otrok*, wawili ni *dva otroka*, watatu ni *trije otroci*, watano ni *pet otrok*. *Nimata* ni «hawana» ya watu wawili. Wangekuwa watatu ingekuwa *nimajo*. Kisha *velike knjige*: «nina kitabu kikubwa» ni *imam veliko knjigo*, lakini ukikanusha, kile unachokikosa kinavaa umbo jingine, *nimam velike knjige*. Maneno matano, mapatano matatu tofauti.

Kiswidi hakigusi karibu chochote. *Barn* ni mtoto na ni watoto. *Har* ni nina, una, ana, tuna, mna, wana. Ukanushi wote umebebwa na *ingen*. Mahali pekee pa kuangalia ni kwamba *bok* ni neno la kundi la *en*, moja kati ya makundi mawili ya nomino za Kiswidi. Kama ingekuwa *hus*, nyumba, ambalo ni neno la *ett*, tungeandika *inget stort hus*.

Msomaji akiishia kwenye sentensi hii atachagua Kiswidi palepale. Ndiyo maana sura ya sauti inafuata mara moja, maana huko hesabu inageuka.

Machi: sauti

Hii imechukua nafasi kubwa kuliko tulivyopanga, na inastahili.

Kislovenia kwanza. Kina herufi 25, na q, w, x na y hazimo. *Č* ni ch yetu, *š* ni sh yetu, *c* ni ts, *j* ni y, *h* ni kama kh ya *kheri*. *Ž* haimo kwenye Kiswahili: tamka sh, kisha ruhusu koo litetemeke, kama vile z inavyopatikana kutoka kwa s. *R* inaviringika kama yetu. Msemaji wa Kiswahili anaweza kusoma kwa sauti ukurasa wa Kislovenia na akaeleweka tangu mwanzoni.

Mitego ni minne. Wa kwanza, konsonanti zilizosongamana: *vzhod* (mashariki), *trg* (uwanja wa mji), *čmrlj* (nyuki-bambi). Ulimi wetu unapenda silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo *trg* inageuka «tirigi». Dawa yake ni irabu fupi hafifu kabla ya r na hakuna nyingine popote. Wa pili ni wa Waswahili hasa, na haujatajwa kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa Wazungu: *mleko* (maziwa) si silabi tatu. Sisi tunaisoma kama *mlango*, m ikisimama peke yake. Mslovenia anasema *mle-ko*, silabi mbili. Mazoezi yake tumeyarekodi polepole, m ikigandishwa kwenye l. Wa tatu ni *l* na *v* mwishoni mwa silabi, ambazo mara nyingi hutamkwa kama w: *delal* inasikika «delau», na kihusishi *v* katika *v Ljubljani* kinasikika «u». Wa nne ni mkazo. Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadilika. Kislovenia kinauhamisha na hakiuandiki, na herufi *e* ina matamshi matatu, *o* mawili, yasiyoonyeshwa kwenye gazeti wala kitabu. Kamusi zilizoko kwenye tovuti ya Fran, ya taasisi ya lugha iliyo chini ya akademia ya sayansi na sanaa ya Slovenia, zinaweka alama za mkazo. Kila neno jipya liangaliwe huko kabla ya kuingia kwenye kadi ya kukariria maneno.

Kiswidi sasa. Herufi 29, *å*, *ä* na *ö* zikikaa mwisho wa alfabeti. Anayetafuta *öl* kwenye kamusi chini ya o hataipata. Irabu za maandishi ni tisa na kila moja ina namna ndefu na fupi. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili analipa. Irabu zetu tano hazitoshi. *Y* inapatikana kwa kutamka i kisha kuviringa midomo bila kusogeza ulimi. *U* ya *hus* si u ya *huku*; midomo inabanwa zaidi na ulimi unasogea mbele. Anayetamka *y* kama i na *u* kama u ataeleweka mara nyingi, lakini ataulizwa tena na tena.

Urefu ndio muhimu kuliko yote. *Tak* ni dari au paa, *tack* ni asante. *Glas* ni kioo, *glass* ni aiskrimu. *Ful* ni -enye sura mbaya, *full* ni -liojaa, na pia mlevi. Kanuni: katika silabi yenye mkazo, ama irabu ni ndefu ama konsonanti inayofuata ni ndefu. Tunao msingi: *kaa* na *choo* zinatufanya tusikie urefu. Tofauti ni kwamba kwetu *kaa* ni silabi mbili, kwao *glas* ni silabi moja iliyovutwa. Nusu ya pili ya kanuni ndiyo inayosahaulika: kwenye *glass* lazima uegemee s.

Kuna zawadi mbili. *Ng* ya Kiswidi ni ng' ya *ng'ombe*: *ung*, *många*, *sång*. Na ile sauti inayowatoa jasho wageni wengi, ya *sju* (saba), *sjö* (ziwa) na *station*, iko karibu na kh ya *kheri* ikitamkwa na midomo iliyoviringwa. Anza na kh hiyo, utakubalika. Usiichanganye na ya *tjugo* (ishirini) na *kök* (jiko), ambayo ni sh nyembamba ya mbele ya mdomo. K inalainika namna hiyo mbele ya e, i, y, ä na ö, lakini si kila mara: *kör* ikiwa «anaendesha gari» ina sh nyembamba, ikiwa «kwaya» ina k ngumu. Tumeweka orodha fupi ya maneno ya namna hiyo, hakuna njia ila kuyakariri.

Toni mbili za Kiswidi (*tomten* kwa toni moja ni kiwanja cha nyumba, kwa nyingine ni yule kibwengo wa Krismasi) tumezipeleka nyuma kwa makusudi. Maneno yanayogongana kwa toni pekee ni machache na muktadha huyatenganisha, na Kiswidi cha Ufini karibu chote hakina tofauti hiyo na kinaeleweka Stockholm bila tatizo. Urefu wa irabu kwanza, toni baadaye.

Kinachomvunja moyo mgeni zaidi ya toni ni kwamba maandishi na mazungumzo ya Kiswidi yameachana. *Jag* inasikika «ya», *det* «de», *och* «o», *är* «e», *de* na *dem* zote «dom». Faili la sauti lenye maneno kumi na mawili ya namna hii limewekwa mwanzoni kabisa. Kislovenia nacho kina mtindo huo, kwani kijana wa Ljubljana anakata i ya mwisho na kusema *delat* badala ya *delati*, lakini huko kikwazo kikubwa ni lahaja. Kuna makundi saba yake, na lahaja za pembe ya mashariki ya nchi huwapa shida hata Waslovenia wa magharibi. Mwanafunzi ajifunze lugha sanifu na aombe watu wamsemeshe hiyo.

Aprili na Mei: miisho ya nomino

Kislovenia kina umbo sita ambazo nomino inavaa kulingana na kazi yake katika sentensi. Wanaisimu wetu huziita uhusika. Kina jinsia tatu za kisarufi na idadi tatu: umoja, uwili, wingi. Watu huzidisha sita kwa tatu, wakaona 18 kwa kila nomino, wakakimbia. Hesabu hiyo inatisha bure, kwa sababu miisho mingi inafanana. *Knjige* peke yake ni «ya kitabu», ni «vitabu» ikiwa kiima, na ni «vitabu» ikiwa yambwa. Uwili nao unaazima umbo za wingi katika nafasi mbili kati ya sita.

Mpangilio wa kufundisha tulioamua unaanza na mahitaji ya mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Kwanza umbo la yambwa: *kava* inakuwa *kavo*, na «Kahawa, tafadhali» ni *Kavo, prosim*. Umbo hilohilo linatumika kwa mwendo: *grem v trgovino*, naenda dukani. Kisha umbo la mahali: *sem v trgovini*, niko dukani. Kisha umbo la tatu, *iz trgovine*, kutoka dukani, ambalo pia ndilo la ukanushi na la idadi kuanzia tano. Mtu akishika hayo matatu kwa umoja anaweza kuishi mjini. Umbo la «kwa/pamoja na» (*z avtom*, kwa gari, *s prijateljem*, na rafiki) na la mpokeaji (*bratu*, kwa kaka) yanafuata.

*S* inageuka *z* kulingana na herufi inayofuata. Watoto wa shule Slovenia hufundishwa kishazi *Ta suhi škafec pušča*: mbele ya konsonanti zilizomo humo tumia *s*, mbele ya nyingine zote na irabu tumia *z*. Tumekiacha kama kilivyo, kinakaririka.

Jinsia inasomeka mwishoni mwa neno mara nyingi: konsonanti ni ya kiume, *-a* ya kike, *-o* na *-e* ya kati. Wanaokaidi wawekwe kwenye orodha mapema: *noč* (usiku), *stvar* (kitu), *sol* (chumvi) na *pot* (njia) huishia kwa konsonanti lakini ni za kike, *kolega* huishia kwa -a lakini ni ya kiume. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngeli hili si geni. Anajua *m-* ya *mti* na *m-* ya *mtu* hazivuti upatanisho mmoja.

Nomino za kiume zina sheria ambayo msemaji wa Kiswahili ataitambua: kiumbe hai kinatofautishwa na kitu. *Vidim stol*, naona kiti, neno halibadiliki. *Vidim brata*, namwona kaka, linabadilika. Ni fikra ileile inayotufanya tuseme *simba mkubwa amelala* na si *simba kubwa imelala*.

Uwili unachukua muda kuliko jinsia. Sheria ya kazi ni hii: penye watu au vitu viwili, kila kitu kiwe cha uwili, pamoja na kitenzi: *delam*, *delava*, *delamo*, nafanya kazi, tunafanya kazi sisi wawili, tunafanya kazi sisi wengi. Isipokuwa viungo vya mwili vinavyokuja kwa jozi: miguu ikiuma ni *noge me bolijo*, wingi wa kawaida. Kosa linalojirudia ni kusahau uwili pale neno «mbili» halijatajwa, kwa mfano mume na mke wakisema «tumechoka». Weka mazoezi ya watu wawili wasiohesabiwa.

Kadi ya nomino ya Kislovenia iwe na vitu vinne: neno, umbo la tatu, jinsia, na hesabu ya mbili na tano. Mfano: *mesto, mesta*, ya kati, *dve mesti, pet mest*. Bila umbo la tatu hutajua kwamba *pes* (mbwa) inakuwa *psa*, na *oče* (baba) inakuwa *očeta*.

Juni: nomino za Kiswidi

Sura hii ni fupi kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Robo tatu hivi ya nomino ni za *en*, zilizobaki ni za *ett*, na sura ya neno haitoi dalili ya kutosha. Za kutegemea: *-ning*, *-het*, *-else* na *-tion* ni za *en*, *-eri* na *-um* ni za *ett*. Watu na wanyama wengi ni *en*, lakini *barn* (mtoto), *djur* (mnyama), *lejon* (simba) na *bi* (nyuki) ni *ett*. Kadi iwe na umbo nne: *en bok, boken, böcker, böckerna*.

Kizito ni kujua lini useme *en bok* na lini *boken*. Kiswahili hakina neno la kazi hiyo, na walimu wengi huishia kusema «utazoea». Sisi tunaamini daraja lipo ndani ya Kiswahili. *Nimeona kitabu* na *nimekiona kitabu* si kitu kimoja: ya pili inasema kitabu kile tunachokijua mimi na wewe. Pale unapohitaji *-ki-*, Kiswidi karibu kila mara kinahitaji *boken*. Pale inapokuwa haifai, *en bok*. Tumeandika mazoezi marefu juu ya hili na ndiyo sehemu ya mwongozo tunayoithamini zaidi. Ukiongeza kivumishi, ujulikano unaonyeshwa mara mbili: *den stora boken*, kile kitabu kikubwa, kabla na nyuma.

Kislovenia hakina shughuli hii, ila kwenye kivumishi cha kiume peke yake: *nov avto*, gari jipya fulani, *novi avto*, lile gari jipya.

Julai: vitenzi

Kiswidi: kitenzi hakijali nani anatenda. *Jag talar, du talar, de talar.* Kwa hiyo kiwakilishi hakiachwi kamwe. Msemaji wa Kiswahili na wa Kislovenia wote huelekea kukiangusha. Makundi manne ya kukariri: *tala, talade, talat*, *ringa, ringde, ringt* (pamoja na *köpa, köpte, köpt*), *bo, bodde, bott*, na vya nguvu, vinavyobadili irabu ya ndani, kama *skriva, skrev, skrivit*.

Kislovenia: nafsi iko ndani ya kitenzi kama kwetu, *delam* ni «nafanya kazi» neno moja. Lakini wakati uliopita unatangaza jinsia ya msemaji: mwanamume anasema *sem delal*, mwanamke *sem delala*. Mwanafunzi wa kike anayeiga rekodi za mwanamume atajisema kama mwanamume, hivyo rekodi zote za wakati uliopita tumezifanya kwa sauti mbili.

Kizito zaidi ni jozi za vitenzi. Kislovenia kina kitenzi kimoja cha tendo lililokamilika na kingine cha tendo linaloendelea au kujirudia. *Včeraj sem pisal pismo*: jana nilikuwa nikiandika barua. *Včeraj sem napisal pismo*: niliandika barua nikaimaliza. *Kupiti* na *kupovati* zote ni kununua, lakini ukiulizwa sasa hivi unafanya nini, jibu ni *kupujem kruh*, nanunua mkate, kamwe si *kupim*. Jifunze kila kitenzi na mwenzake, na nafsi ya kwanza ya kila kimoja: *kupiti, kupim, kupovati, kupujem*. Orodha yetu ya kwanza ina jozi 60.

Mtego wa lugha zote mbili ni *-me-*. «Nimekula» ni *jag har ätit*, vizuri. Lakini *amelala*, *amesimama*, *amekaa* ni hali ya sasa, na huko ni wakati uliopo: Kiswidi *sover, står, sitter*, Kislovenia *spi, stoji, sedi*. Anayetafsiri *amelala* kuwa *han har sovit* amesema kwamba ameshaamka.

Agosti: nafasi ya pili

Tumegundua njia ya kufundisha mpangilio wa maneno wa lugha zote mbili kwa somo moja. Zote zina nafasi ya pili iliyotengwa, ila zinaijaza kwa vitu tofauti.

Jana nilimpa ufunguo.
*Igår gav jag honom nyckeln.*
*Včeraj sem mu dal ključ.*

Kiswidi kinaweka kitenzi nafasi ya pili; kikianza na «jana», kiima kinarudi nyuma ya kitenzi. *Igår jag gav* ndilo kosa la wageni wote. Kwenye kishazi tegemezi mambo yanageuka: *jag äter inte fisk*, sili samaki, lakini *hon vet att jag inte äter fisk*, anajua kwamba sili samaki. *Inte* inaruka mbele ya kitenzi.

Kislovenia kinaweka kwenye nafasi ya pili vijineno visivyo na mkazo, vikiwa vingi vinapangwa foleni: *Včeraj sem mu ga dal*, jana nilimpa (huo ufunguo). Mpokeaji mbele ya kitu. *Sem* inatangulia foleni, lakini nafsi ya tatu *je* inakaa mkiani: *Včeraj mu ga je dal*, jana alimpa. Anayejua kwamba *ni-li-m-pa* haiwezi kuwa *m-li-ni-pa* kwa maana hiyohiyo ameshazoea foleni isiyovunjwa.

Septemba: maneno madogo yanayopotosha

*Nyumbani* kwetu ni kuwepo na ni kwenda. Kiswidi: *hemma* uko, *hem* unaenda. Kislovenia: *doma* na *domov*. Jozi kama hizo za Kiswidi zikaririwe pamoja: *här/hit, där/dit, inne/in, ute/ut*.

*Kwa* inatawanyika. Kwa gari: *med bil*, *z avtom*. Kwenda kwa daktari: *till läkaren*, *k zdravniku*. Kuwa kwa daktari: *hos läkaren*, *pri zdravniku*.

*Chake*: Juma amechukua kitabu chake. Kikiwa cha Juma, *sin bok*, *svojo knjigo*. Kikiwa cha mwingine, *hans bok*, *njegovo knjigo*. Kiswidi kinatumia *sin* kwa nafsi ya tatu tu. Kislovenia kinatumia *svoj* kwa nafsi zote, hata «kitabu changu» pale mwenye kitabu ndiye mtenda.

*Ndiyo*: ukiulizwa «Hujala?» na kweli hujala, Kiswahili kinakubali «Ndiyo, sijala». Kiswidi kinataka *nej*. Kama umekula, jibu ni *jo*, si *ja*. Mslovenia atajibu kwa kitenzi kisaidizi, *nisem* au *sem*, na hiyo ndiyo njia salama.

Saa inahitaji kusahihishwa mara mbili. Saa moja na nusu asubuhi ni *halv åtta* na *pol osmih*, zote zikitaja nane: kwanza ongeza saa sita, kisha taja saa inayokuja. Kislovenia kinaendelea hivyo kwenye robo pia, *četrt na osem* ni saa moja na robo. Kiswidi kinarudi kwenye kawaida, *kvart över sju*. Nambari za Kislovenia hutanguliza mamoja: 48 ni *oseminštirideset*. Mtu akikutajia simu kwa jozi za tarakimu, subiri jozi iishe ndipo uandike.

Oktoba: ratiba na vifaa

Ratiba ya wiki 12, dakika 45 kwa siku, siku tano. Kiswidi: dakika 25 za kusikiliza na kuiga, 10 za mpangilio wa maneno, 10 za kadi. Kislovenia: dakika 15 za kusikiliza, 20 za kuandika sentensi kwa kubadili idadi na uhusika, 10 za kadi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ushauri wetu. Anayesoma Kiswidi kwa macho tu ataandika vizuri na hataelewa kondakta wa treni.

Vifaa vya bure. Kiswidi: svenska.se ina kamusi tatu kubwa za lugha hiyo mahali pamoja. Lexin ni kamusi ya wahamiaji yenye Kisomali, Kiarabu, Kiamhari na Kitigrinya miongoni mwa lugha nyingine. Gazeti *8 Sidor* linaandika habari kwa Kiswidi chepesi. Kislovenia: Fran kwa maana na mkazo, Sloleks kwa umbo zote za neno, Gigafida kwa mifano halisi, na kozi ya mtandaoni ya Slonline, iliyoandaliwa na kituo cha Kislovenia kwa wageni cha Chuo Kikuu cha Ljubljana. Kituo hichohicho ndicho kinachosimamia mitihani. Kwa Kiswidi, mkazi wa Uswidi husoma SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, bila ada, kozi A hadi D. Anayetaka chuo kikuu hufanya mtihani wa Tisus. Aliye nje anaweza kufanya mtihani wa Swedex.

Kwa familia: shule za Uswidi hufundisha lugha ya mama, Kiswahili kikiwemo, kwa kawaida ikiwa wanafunzi wasiopungua watano wa manispaa wanaihitaji na mwalimu anapatikana. Tumeliweka kwa sababu wazazi wengi hawajui kwamba wanatakiwa kuomba.

Novemba: kinachobaki

Rekodi za *mleko* na za konsonanti zilizosongamana zinarudiwa kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa za polepole peke yake zinamzoesha msikilizaji mwendo usiokuwepo mitaani. Mazoezi ya *-ki-* na *boken* yanahitaji sentensi zaidi za ngeli ya kwanza: kwa watu na wanyama Kiswahili huweka *-m-* hata pale mtu hajulikani, *nimemwona mtu*, na hapo Kiswidi kinabaki *jag såg en person*. Sheria yetu haifanyi kazi hapo, na ukurasa huo lazima useme hivyo waziwazi kabla haujatoka. Sura ya kuandika maneno ambatani ya Kiswidi imeanza: *brunhårig* ni mwenye nywele za kahawia, *brun hårig* ni wa kahawia mwenye manyoya, na nafasi moja ya kibodi ndiyo inayotenganisha.